Ukurasa Wenye Mafuta ya Bagia

Sikio husoma kabla ya jicho. Mnaisema mkicheka, kisha mnaniuliza sikio limesoma shule gani. Methali hii ilianza hivi.

Zamani pale Korogwe, enzi ambazo treni ikipiga honi mtaa mzima unanukia bagia, aliishi Somoe na mama mkwe wake, Bi Mwanjaa, wakiwauzia abiria. Somoe alikuwa na kitabu kimoja tu cha hadithi, alichokuja nacho kutoka kwao alipoolewa. Kila alasiri, kunde zikiwa zimelowekwa, alimpakata bintiye Tatu akamsomea. Tatu mwenyewe ulimi ulikuwa bado mzito.

Bi Mwanjaa hakupendezwa. "Mwanangu, mtoto hajui a wala be. Huko ni kumpigia mbuzi gitaa. Karatasi hizo zingefungia bagia."

Somoe alifunua ukurasa mwingine, maana mkwe hajibiwi. Lakini alihofu sana, kwa kuwa kitabu kile kikienda hana kingine cha kumsomea mwanawe.

Siku moja, Tatu akiwa sasa anasema vizuri, magazeti ya kufungia yaliisha treni ikiwa imesimama. Bi Mwanjaa akachukua kitabu, akachana ukurasa, akamfungia bagia fundi mmoja wa reli. Somoe aliumia kama aliyechanwa yeye.

Tatu akaiona picha ya kobe kwenye ukurasa ule, akaanza kulia. "Bibi, huyo kobe."

"Kobe gani?"

"Kobe alifika harusini akakuta wali umekwisha. Akasema, nipeni basi ukoko, mimi nilitoka nyumbani jana."

Fundi alikuwa ameshafungua bagia zake. Akautazama ukurasa. "Endelea, mwanangu."

Tatu akaendelea, fundi akimfuata kwa kidole hadi mwisho. "Bibi, hajaacha hata neno. Nani kamfundisha kusoma?"

"Kusoma hajui," Somoe akajibu taratibu. "Husikiliza tu."

Bi Mwanjaa aliupangusa ukurasa kwa upindo wa kanga, akaurudisha kitabuni. "Kumbe sikio husoma kabla ya jicho," akasema. Bagia za fundi zikafungwa kwa jani la mgomba.

Tangu hapo yeye ndiye aliyetangulia kutandika jamvi. "Haya mkwe, tusomee." Na Tatu alipoanza shule, alikwenda kama anayekwenda kwa shangazi yake.

Treni zile zimekwenda na bagia zake, nami nazikumbuka mno. Basi mkinikuta nimempakata kitukuu asiye na meno, namsomea, msinicheke. Sikio husoma kabla ya jicho.