Barafu za Mtindi za Asia

Kitu kizuri hakihitaji kupigiwa debe. Wanunuzi hukifuata chenyewe. Kibaya ndicho kinachozungushwa mitaani, kikisifiwa mpaka mwenye kukisifu akaukwe na koo. Asiyeamini na aende Bondeni, mjini Kyela, akamuulize Mikidadi, kama yu tayari kulizungumzia jambo hili.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa milango, bidhaa za ng'ambo zikawa zinamiminika kupitia mpaka wa Kasumulu. Yasini, mwenye duka, akanunua jokofu. Mkewe, Asia, akaliomba abaki nalo nyumbani atengenezee barafu za kuuza.

"Nakupa mpaka Jumamosi ya gulio, Mama Naila," Yasini alimwambia. "Zisipoisha siku hiyo, friji linakwenda dukani kupoza soda."

Asia aliitikia. Tangu aolewe hakuwahi kuwa na kazi ya kuiita yake, na hii aliitaka kwa moyo wote.

Alinunua mtindi kwa jirani mfugaji, akaugandisha vivyo hivyo. Loo! Yasini aliing'ata barafu moja nusura ang'oke jino. Asia hakukata tamaa. Aliuchuja mtindi kwa kitambaa safi mpaka ukawa mzito, akaponda ndizi zilizoiva sana, akachanganya na kufunga katika vifuko vya nailoni. Safari hii zikatoka laini, tamu bila chembe ya sukari.

Jumamosi ilipofika, alikaa gulioni na ndoo yake, kimya. Mikidadi naye alikuja na barafu za maji, sukari na rangi nyekundu, akizunguka na baiskeli na kupuliza honi.

"Barafu za kisasa hizi! Achaneni na mambo ya mtindi wa kibuyuni!" Akasimama mbele ya Asia makusudi. "Shemeji, mtindi ni wa kulia ugali. Utarudi nao nyumbani!"

Watu wakaangua kicheko, wakamfuata yeye. Asia alitamani ardhi ipasuke immeze.

Saa sita umeme ukakatika, pa kuzigandishia tena hapakuwapo, na jua la Kyela halina simile. Alasiri hapakuwa na barafu isiyoyeyuka, si kwenye ndoo ya Asia wala kwenye boksi la Mikidadi. Asia alianza kufunga virago, machozi yakimlengalenga.

Hapo akatokea Prisca, mkulima kutoka Talatala, amebeba mtoto anayelia. Mtoto alikuwa ameyatema maji mekundu ya Mikidadi, kidevu chote chekundu.

"Zangu nazo zimeyeyuka, dada," Asia alisema kwa haya.

"Nipe hivyo hivyo, mtoto ana njaa."

Prisca akatoboa kifuko pembeni. Mtoto akafyonza, akanyamaza, akafyonza mpaka nailoni ikakunjamana, kisha akanyoosha mkono kutaka kingine.

"Kumbe hata ikiyeyuka ni chakula!" Prisca alipaza sauti kwa furaha. "Ndaga fijo, dada! Asante sana!"

Waliokuwa wakimdai Mikidadi hela zao kwa barafu zilizoyeyuka wakageuka wote. Watu walisukumana, wengine wakapitisha mikono juu ya vichwa vya wenzao. Yasini alipofika gulioni kuangalia kama zimeisha, alikuta ndoo tupu na mkewe akicheka mpaka anapangusa macho.

"Friji libaki huko huko nyumbani," alisema, naye akacheka.

Nyuma yake alisimama Mikidadi, honi ameificha mfukoni. "Shemeji," alinong'ona, "haijabaki hata moja?"

"Zimeisha, shemeji. Kesho uwahi."

Kweli waliosema hawakukosea: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.