Jua Ndani ya Barafu

Wahenga hawakutuambia mvungu una kina gani. Walisema tu kwamba anayekitaka kilichomo hana budi kukunja mgongo. Mwalimu mkuu mstaafu Shuzo Nishiwaki alikuwa na mgongo usiokunjika. Kijiji kizima cha Otsu kilimwinamia kwa miaka thelathini, naye alijibu kwa kutikisa kidevu tu.

Mkewe, Tomoe, alikuwa mgonjwa wa mapafu. Ijumaa angelazwa hospitalini, mjini Obihiro, na daktari alishampiga marufuku kutoka nje kwenye baridi. Aliomba kitu kimoja tu: picha ya barafu ya ufukweni yenye jua ndani yake, kama alivyoiona utotoni. Kila majira ya baridi Mto Tokachi husukuma barafu yake baharini, mawimbi huisugua hadi ing'ae, kisha huitupa mchangani.

Jumatatu alfajiri mwalimu alikwenda na kamera mpya, akasimama wima, akapiga picha. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano masharubu yake yaliganda, lakini hakukosa.

"Mzee wangu," Tomoe alisema akizitazama, "hizi si chupa zilizovunjika?"

"Ni barafu!"

"Na jua liko wapi?"

Moyo ukamuuma mwalimu.

Kila asubuhi kule ufukweni alimkuta Kikue, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, amelala kifudifudi na simu yake. Picha zake zilitundikwa dukani kijijini, na katika kila moja barafu iliwaka rangi ya chungwa. Lakini angemwulizaje? Huyu ndiye mwanafunzi ambaye yeye mwenyewe alimsimamisha koridoni na ndoo za maji mikononi, baada ya kumwambia mbele ya darasa kwamba hatajua kitu maishani.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho. Mwalimu alimwendea Kikue, akainama hadi kofia ikadondoka.

"Kikue, nifundishe. Na siku ile ya ndoo... nilikosea. Nisamehe."

Kikue alinyanyuka, akajikung'uta mchanga, akamkodolea macho. Kisha akaangua kicheko. "Mwalimu! Wewe ulinisimamisha, mimi nakulaza. Haya, chini! Tumbo mchangani!"

"Hivi?"

"Na shavu pia! Mchanga haung'ati. Sasa tulia, jua lichungulie."

Baridi ilipenya koti hadi mbavuni, vidole vikafa ganzi, lakini mwalimu hakusogea hata kidogo. Jua lilichomoza baharini, na kipande cha barafu mbele ya pua yake kikawaka kama kaa la moto. Akabonyeza.

Nyumbani, Tomoe aliishika kamera kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka. "Ndilo lenyewe," alinong'ona. Kisha akamtazama mumewe. "Na huo mchanga shavuni?"

"Nililazwa na mwalimu wangu," alijibu Shuzo.

Siku tatu alisimama wima akaambulia chupa. Siku moja aliinama akapata jua. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.