Maji Yaliyofika Ighome

Jumamosi, tarehe 9 Novemba. Tangu alfajiri ukungu umelala juu ya milima yetu ya Upare, na manyunyu yanakuja na kuondoka. Asubuhi tulikuwa kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima, tukizibua mfereji wa juu. Kijana mmoja alidai jembe lake limeibwa, na wenzake walijua kaliacha nyumbani makusudi. Nikamwambia, "Mwanangu, maji hayapandi mlima kumficha mtu."

Wakacheka. Mmoja akauliza, "Bibi, maji na kumficha mtu vilikutana wapi?"

"Vilikutana hapo hapo mliposimama."

Wakaruka pembeni wote. Basi nikawaeleza methali hii ilikotoka, kama nilivyoelezwa na mama yangu.

Zamani, kabla ya barabara ya magari, palikuwa na fundi wa mifereji mwenye wana wawili, Mghamba mkubwa na Kajiru mdogo. Aliwafundisha kazi wote wawili. Alipokaribia kufa alilitoa jembe lake la kuongozea maji, akampa Kajiru arithi ufundi. Sababu hakuisema. Mghamba naye akaliweka jambo hilo moyoni.

Mwezi haukuisha. Siku moja ndugu hao walikwenda peke yao kutazama kijito cha juu, wakabishana njiani. Mghamba akamnyang'anya nduguye jembe, akampiga nalo kichwani, mara moja tu. Kajiru hakuinuka.

Mghamba alimzika Ighome, kwenye mgongo mkavu wa mawe ambako hata mbuzi hapati jani. Akajiambia, "Hapa jembe la mtu halitafika kamwe." Kisha akarudi kijijini na jembe begani, akasema Kajiru amevuka kwenda Taita kutafuta maisha, na amemwachia kazi.

Kajiru alikuwa na mke, Nakijwa, na mtoto mchanga wa kike. Nakijwa alingoja. Kisimani wanawake walimwuliza, "Ulimfanya nini mwana wa watu hata akakimbia?" Alijitwisha mtungi wake akaondoka. Alikataa kuolewa na mwingine, na kila jioni aliuacha mlango bila komeo.

Mghamba akawa fundi mkuu, akaheshimiwa. Lakini akiguswa begani kwa nyuma alishtuka hadi akamwaga alichoshika. Watu walisema ni mtu wa mawazo mengi. Mungu peke yake ndiye aliyeyajua mawazo hayo.

Mwaka wa kumi na mbili chemchemi ya kijiji ilikauka. Wazee wakaamua kuyaleta maji kutoka kijito cha juu, na Mghamba ndiye aongoze. Akakataa, akisingizia kuumwa kiuno.

"Nani mwingine anaijua kazi hii?" akauliza mzee Sekiete, mkubwa wa kijiji. "Kajiru yuko Taita."

Mghamba akalichukua jembe. Kazi iliyomfanya amwue nduguye ndiyo sasa ilimshika mkono.

Njia ya mfereji, wanangu, haipimwi na mtu. Hupimwa na maji. Fundi anachimba kijifereji chembamba, anaruhusu maji kidogo yaje nyuma yake, na pale yanapokubali kutembea ndipo wachimbaji wanapofuata. Siku ya kwanza Mghamba aliyatazama maji, akaona yanaelekea upande wa Ighome. Akaendelea kuchimba. Kila asubuhi alihesabu hatua zilizobaki hadi kaburi lile. Mia tatu. Mia mbili na kumi. Tisini. Akaacha kula. Alikuwa akisimama katikati ya kazi na kusikiliza, kana kwamba ameitwa.

Zilipobaki hatua kumi, aliipeleka njia juu. Maji yakasimama kama ng'ombe aliyekataa kamba.

"Mzee, leo unayafundisha kupanda ngazi?" kijana mmoja akatania, watu wakacheka.

Mghamba akaifuta njia ile, akaanza nyingine, ya chini. Nakijwa alikuwa amewaletea wachimbaji uji. Akaweka kibuyu chini.

"Shemeji, njia hiyo inaliacha shamba langu. Nina binti wa kulisha."

"Kule kati kuna mwamba."

"Mwamba gani? Mbona jembe halijagusa?"

"Nimesema kuna mwamba!"

Watu wakaacha kuchimba. Walikuwa hawajawahi kumsikia akipaza sauti. Sekiete akamsogelea taratibu. "Mghamba, wewe ndiye uliyetufundisha kuwa maji hayapandi mlima. Yapitishe yanapotaka."

Mghamba akaenda akasimama pale alipomzika Kajiru, miguu pamoja. "Haya, chimbeni," akasema, lakini hakuondoka. Wakachimba mpaka karibu na vidole vyake. Maji yakaja nyuma yao, machafu, polepole, yakajaza kijifereji, yakalowesha nyayo zake. Aliitazama miguu yake. Kisha akapiga magoti.

"Chimbeni polepole," akasema. "Ni ndugu yangu."

Hakuna aliyeelewa mpaka jembe lilipofukua bangili ya shaba. Nakijwa aliijua kuwa ya mumewe. Akaketi kwenye udongo, bangili mkononi, bila kulia.

"Hakwenda Taita?"

"Hakwenda."

"Kwa hiyo hakunikimbia?"

"Hakukukimbia, shemeji. Siku ile alikuwa na haraka ya kurudi kwako."

Wanawake wa kisimani wakainamisha vichwa. Vijana wakanyanyua majembe yao juu ya Mghamba, naye hakujikinga. Nakijwa ndiye aliyesimama kati yao.

"Teremsheni. Jembe limeshaua mmoja hapa, latosha. Huyu amejificha miaka kumi na miwili, na mimi nimebeba aibu yake kisimani. Leo mmeona wenyewe, maji hayapandi mlima kumficha mtu. Basi asijifiche tena. Nataka hilo tu."

Wazee wakakubali. Kajiru akazikwa karibu na mlango wa mkewe, na usiku ule Nakijwa akatia komeo. Mfereji ukapita pale pale ulipotaka.

Siku ya kuufungua kijiji kizima kilipanda Ighome. Mghamba aliingia majini miguu mitupu. Akaliweka jembe la baba yake miguuni pa binti wa Kajiru, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Binti huyo ndiye bibi yangu, mzaa mama, na maneno aliyoyasikia aliyashika neno kwa neno mpaka yakanifikia mimi. Mghamba alisema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma:

"Mimi Mghamba, niliyemwua ndugu yangu Kajiru kwa jembe hili, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Kila mara lango la mfereji huu litakapofunguliwa, nitasimama hapa, nitalitaja jina lake na nililomtenda, mpaka siku nitakayokufa. Msiponiona, nitafuteni. Mtanipata tu. Maji hayapandi mlima kumficha mtu."