Majani ya Mzee Mihayo

“Mng’oa majani asimsake mwizi.” Mmenisikia nikimwambia hivyo jirani, nanyi mmeacha kumenya karanga mkanitolea macho kana kwamba nimetukana. Sikutukana. Menyeni huku mnasikiliza, maana methali hii ilizaliwa hapa hapa Tabora, mtaa wa Kiloleni, nyumbani kwa mtu aliyeitwa Mzee Mihayo, na ilianza hivi.

Mzee Mihayo alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni. Kwa miaka thelathini na mmoja aliinama chini ya viti, akagonga milango ya vyoo, akafunua khanga za watu waliojifanya wamelala. Alitoka huko na imani moja: mtu akinyamaza anaficha kitu, na akizungumza sana anaficha viwili. Alipostaafu alirudisha kofia na koleo la kutobolea tiketi, lakini jicho hakulirudisha.

Mkewe alikwisha kufariki. Aliishi na Nyamizi, mke wa mwanawe wa pekee, Sizya, ambaye alikuwa akifanya kazi mgodini huko Geita. Nyamizi alimtunza mzee vizuri. Uji ulifika kwa wakati, maji ya kuoga yalikuwa ya moto, na heshima ya ukwe haikupungua. Alipompa chakula alipiga goti, na hakumkazia macho hata siku moja, kama mkwe aliyelelewa vyema anavyotakiwa.

Sizya alimwonea baba yake huruma kwa upweke. Likizo moja akamletea tangi la kioo lenye gapi sita, wale samaki wadogo wa mapambo wenye mikia ya rangi, na ndani yake majani ya majini yaliyosongamana. Gapi hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, wadogo kama chawa, macho na mkia vikiwa tayari. Sizya alimwelekeza mkewe namna ya kuwatunza: maji ya bomba yalale kwenye ndoo siku nzima kabla ya kumiminwa, chakula kiwe chembe tu, na tangi likae karibu na dirisha ili majani yapate mwanga.

Mzee aliwapenda samaki wale, nisimseme vibaya. Asubuhi moja alikuta vifaranga, akahesabu kumi na wanne. Jioni akahesabu tisa. Kesho yake, kumi na mmoja.

“Abiria wanaopungua na kuongezeka kabla ya kufika stesheni,” akajiambia, “hapo kuna mchezo.”

Akayatazama yale majani. Yalimkumbusha behewa lililojaa mizigo, ambalo mkaguzi hawezi kulikagua akatulia moyo. Basi akakunja mkono wa shati, akayang’oa yote, akayatupa nyuma ya jiko. Kioo kikawa cheupe, kila samaki akaonekana. Sasa, alisema, tutaona.

Aliona kweli. Wakawa sita, wakawa wawili, wakaisha. Samaki mwingine akazaa, na kabla ya adhuhuri hapakuwa na mtoto hata mmoja. Mzee akamshuku paka, lakini tangi lilikuwa na kifuniko. Akawashuku watoto wa mtaani, lakini geti lilikuwa na kufuli. Basi akabaki mtu mmoja. Alinyunyiza unga kidogo juu ya kifuniko, akaenda kuoga. Aliporudi unga haukuwepo.

“Nani kagusa hapa?”

“Ni mimi, baba,” Nyamizi alisema, macho chini. “Nilifuta vumbi.”

Tangu hapo uji ukawa mchungu mdomoni mwake. Kila Nyamizi alipoinamisha uso, mzee alimwona abiria asiye na tiketi. Mila aliijua fika, lakini shaka ikishamwingia mtu kichwani, hata heshima huiona ujanja.

Siku moja akazunguka nyuma ya jiko. Akakuta ndoo nyeupe imewekwa penye mwanga, na ndani yake yale majani, mabichi na yamechipua. Katikati ya majani walikuwemo vifaranga, wazima, wanacheza.

“Nyamizi! Njoo hapa. Hawa ni nini?”

“Ni watoto wa samaki, baba.”

“Wa nani?”

“Wa kwako. Walikuja na majani uliyoyatupa. Niliona yangali mabichi, nikayaokota hapo hapo, nikayatia majini. Nimewaona watoto juzi tu.”

“Na hukusema.”

“Ulikuwa umekasirika, baba. Niliogopa.”

“Nitazame usoni useme tena hayo.”

Nyamizi akabaki ameinama. Kumkodolea macho baba mkwe ni kumvunjia heshima, na hakuwahi kufundishwa njia nyingine ya kusema kweli ila hiyo ya kuinama.

“Siwezi, baba.”

“Huwezi kwa sababu ni mwizi! Miaka thelathini na mmoja sijaona asiye na hatia anayetazama chini.”

Hapo Nyamizi akaingia ndani. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda kwa wazazi wake Urambo. Mzee hakumzuia. Aliingiza ndoo ndani kama kielelezo cha kumwonyesha Sizya, ili akija amwache mkewe. Akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni.

Siku ya tatu, mchana kweupe, samaki jike mwenye tumbo kubwa akaanza kuzaa. Mzee alivuta kiti, akapakata bakuli la uji aliojipikia. Akahesabu mpaka kumi na tisa. “Haya, aje sasa huyo mwizi,” akasema.

Vifaranga wakakimbia huku na huku kwenye kioo kitupu, hawana pa kuingia. Yule mama yao akageuka, akameza mmoja. Mzee akadhani macho yanamdanganya. Akameza wa pili. Wengine nao wakaja mbio. Mzee aligonga kioo, akapiga kelele, “Hee! Hee!” kama alivyowapigia wadandiaji wa treni. Uji haujapoa, tangini hakuna mtoto.

Akaitazama ndoo. Humo vifaranga walikuwa wakiingia majanini na kutoka. Ukihesabu, wanaonekana tisa. Ukirudia, kumi na mmoja. Ndipo akaelewa kwamba waliojificha siku zile hawakuwa na hatia yoyote. Walikuwa wakiokoa roho zao, na yeye ndiye aliyewaondolea maficho.

Kesho yake alipanda treni ya Urambo, ndoo katikati ya miguu. Mkaguzi kijana alikuja, akaitazama tiketi, akaifunua ndoo mara mbili, akamwangalia mzee kwa jicho ambalo mzee alilijua vizuri. Mzee Mihayo alinyamaza tu, na hakuwa anaficha kitu.

Mama yake Nyamizi, Bi Kalunde, alimpa kiti uani lakini hakumpa maji.

“Mkwe, umekuja kutuonyesha mwizi?”

“Hakuna mwizi,” mzee alisema. “Samaki walikula watoto wao, kwa sababu majani nilikuwa nimeyang’oa mimi. Binti yenu aliyaokoa, nami nikamfukuza.”

Bi Kalunde akamjibu: “Mng’oa majani asimsake mwizi, mkwe wangu.”

Nyamizi alikuwa akisikia yote nyuma ya pazia. Akatoka, akapiga goti, macho chini.

“Nimekusamehe, baba. Lakini nitarudi majani yakishafika juu ya maji.”

Mzee alirudi Tabora na ndoo yake. Aliyapanda majani mchangani mwa tangi, akalaza maji siku nzima kabla ya kumimina, akafungua dirisha kila asubuhi. Majani hayaharakishwi. Miezi miwili ikapita, na wa tatu ukawa unaishia, ndipo jani la kwanza likagusa juu. Akatuma salamu Urambo.

Siku aliyorudi, Nyamizi alileta uji, akapiga goti, akatazama chini. Mzee aliupokea kwa mikono miwili, naye akatazama chini vilevile.

Sasa msikilizeni jirani yetu huko nje. Aliukata ua wa bustani yake mwenyewe ili apate kuwaona vizuri wapita njia, na leo anazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza ni nani amemlia mchicha. Mbuzi wake mwenyewe huyo hapo, anacheua. Mng’oa majani asimsake mwizi.