Ufunguo wa Yusta

"Ufunguo mfukoni, vidole mkononi." Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo fundi wa mashine ya kusaga, nanyi mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka kwa Kaduma, na siku alipoyasema mara ya kwanza nilikuwapo.

Kaduma alikuwa msimamizi wa kiwanja chetu cha ndege, kile kidogo cha nyasi karibu na zahanati. Mwaka ule mvua ilizidi, nyasi zikafika magotini. Mkewe, Atuganile, akashikwa na uchungu siku mbili bila kujifungua, na barabara ilikuwa imekatika. Mganga wa zahanati akaomba ndege ya wagonjwa. Akajibiwa kwamba itafika saa tisa alasiri, ila rubani hatui kwenye nyasi ndefu.

Tulikuwa na mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia kama trekta dogo. Ilikuwa kuukuu. Mkono wa kusimamishia visu ulikuwa umekwama, hivyo injini ikiwaka tu, visu navyo vinazunguka. Tulipofika nusu ya kiwanja ikagonga jiwe, visu vyote viwili vikapinda.

Akaitwa fundi, Yusta Luhwavi, akaja na visu vipya. Alichomoa ufunguo wa kuwashia akautia mfukoni, akainua mashine kwa jeki, akaiegemeza kwenye magogo, akalala chali chini yake. Boliti zilikuwa na kutu. Kaduma alikuwa akienda zahanati na kurudi. Akaomba ufunguo aurudishe mahali pake, wasije wakapoteza muda. Yusta akamjibu kwamba atampa akishatoka chini. Kaduma akamtolea maneno ambayo sitayarudia. Yusta akaendelea kufungua.

Kisu cha kwanza kikaingia. Alikuwa amekishika cha pili kwa mikono yote miwili tuliposikia mlio wa ndege. Kaduma akaja mbio kutoka zahanati, akarukia kiti, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye tundu la ufunguo. Lilikuwa tupu.

"Dada Yusta, umemaliza?"

"Bado, kaka. Nimeshika kisu."

Kaduma akainama, akaona vidole vyake vimekumbatia chuma. Akashuka polepole, akakaa kwenye nyasi.

"Ufunguo ungekuwapo, ningewasha," akasema.

"Najua. Nipe hiyo spana kubwa."

Alipokaza boliti ya mwisho alitoka, akashusha mashine, akampa ufunguo. Rubani alizunguka angani mpaka tukamaliza, ndipo akatua. Atuganile alipasuliwa mjini. Yeye alipona, mtoto hakupona.

Msibani watu wakaanza kunong'ona kwamba fundi ndiye aliyechelewesha, kwamba angeutoa ufunguo mapema, leo tungekuwa tunamlea mtoto. Yusta alikuwa jikoni na wanawake wengine, akisonga ugali, na aliyasikia. Kaduma naye aliyasikia. Akainuka mkekani, akaenda hadi jikoni, akamshika Yusta mkono ule wenye unga, akauinua mbele ya watu wote.

"Ufunguo mfukoni, vidole mkononi," akasema, kisha akarudi kukaa.