Dari ya Mzee Faki

Zege likisifiwa, chumvi yala nondo. Ndiyo maneno niliyowarushia jana, wajukuu zangu, nilipowakuta mnalipiga zege lenu jipya kwa nyundo huku mnacheka. Mkasema bibi kazeeka, anazungumza na kuta. Leo mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Haya, kaeni, na wewe Haroub weka simu chini, maana maneno haya yalizaliwa juu ya kitanda changu.

Baba yangu, Mzee Faki, ndiye wa kwanza kijijini kwetu kujenga nyumba ya dari ya zege. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka huo, kisima kimebaki tope, na bahari ilikuwa nyuma ya nyumba. Baba akachota mchanga pwani, akaukorogea maji ya bahari. Fundi alipotia shaka juu ya chumvi, baba akamjibu, "Babu zetu walijenga misikiti kwa mawe ya bahari hii hii, na mpaka leo tunaswali humo." Fundi akaendelea kukoroga, maana jambo lenyewe ni kweli.

Zege likawahi kukauka, likawa gumu ajabu. Baba akawa anamkaribisha kila mpita njia alipige kwa nyundo. Nyundo ikiruka, wanacheka wote. Msimu wa karafuu majirani wakaomba kuanika juu yake. Kichwa kilimvimba baba yangu, Mungu amrehemu.

Miaka ikapita. Nikaolewa, nikarudi kwetu kujifungua mwanangu wa kwanza. Ada mnaijua: mzazi hatoki chumbani mpaka arobaini. Nikalazwa chini ya dari ile, mtoto ubavuni. Mzazi hana kazi ila kulala chali, basi nikaanza kuiona alama ya rangi ya chai kavu kwenye dari, usawa wa miguu yangu. Kila siku ilirefuka, imenyooka kama iliyopigwa kamba. Kisha asubuhi moja nikakuta chenga nyekundu juu ya chandarua. Nilizikung'uta, zikarudi. Mchana, nyumba ikitulia, nilisikia dari ikisema tik, halafu kimya. Niliogopa, wanangu, niliogopa mpaka usingizi ukanihama. Nikawa namnyonyesha mtoto nimemwinamia, mgongo juu, nikijidanganya kwamba mgongo wa mtu huzuia zege.

Nilimwambia mama. Akanifukizia ubani, akasema mzazi huogopa hata kivuli chake. Nilimwambia baba. Akaleta chokaa, akaipaka ile alama, dari ikawa nyeupe pee. Hapo hofu ilizidi, kwa sababu sasa sikuweza hata kuona ilipofika.

Siku moja wanawake wako juu wanageuza karafuu, kipande cha ukubwa wa kiganja kikaanguka juu ya chandarua, karibu na kichwa cha mtoto. Nikapiga ukelele. Baba akaja na nyundo yake, amekasirika.

"Mize, utatutia aibu! Sikiliza." Akapiga karibu na mlango: ko, ko. "Jiwe hilo."

"Piga hapa juu yangu, baba."

"Pale na hapa zege ni moja."

"Basi piga."

Akapiga. Sauti ikarudi tupu, sauti ya mtungi usio na maji. Baba akabaki mkono umeinuka. Sijapata kuona mtu mzima akibadilika uso namna ile.

"Mchukue mtoto," alisema kwa sauti ndogo. "Toka."

"Arobaini bado, baba."

"Toka, mwanangu!"

Nikatoka peku, nikavunja ada mbele ya majirani. Baba akakimbilia ngazi akiwaita wanawake washuke, karafuu waziache. Walishuka wakinung'unika. Wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza akanyage chini dari ilipokatika. Vumbi lilipotulia tukakiona kitanda changu kimelala bapa, na zege na karafuu juu yake.

Baba akaokota kipande cha zege, akakipiga kwa nyundo. Nyundo ikaruka, kama zamani. Kisha akaishika nondo iliyochomoza, nayo ikamvunjikia mkononi, ikabaki unga mwekundu. Akaketi pale pale akilia.

"Babu zetu walilaza boriti za mikoko," alisema. "Hawakuweka chuma. Sisi tulikuwa tunasifu zege, kumbe chumvi yala nondo."

Watu waliyachukua maneno hayo wakaenda nayo, na leo wanamwambia hata anayesifiwa uso huku moyo wake unaoza.

Unasemaje, Haroub? Lenu halina ufa, lilikauka upesi, na nyundo inaruka? Ndivyo alivyosema baba. Mimi sikukuuliza habari ya nyundo. Nakuuliza ule mchanga mweupe, wenye vipande vya makombe ya baharini, mliuchota wapi?

Mbona mnatazamana? Na mkeo anayekaribia kujifungua, kitanda chake umekiweka chumba gani?

Zege likisifiwa, mjukuu wangu, chumvi yala nondo.