Kibuyu cha Bi Nkamba

Nyie mnaopenda kuhukumu watu, leo nimewaletea kesi. Karanga zenu tafuneni polepole, nisikike.

Kule Kishapu walikuwapo watu watatu waliofiwa na mama mmoja, Bi Nkamba. Nkwimba, binti mkubwa, alijaliwa subira. Sayi, mdogo wake, alijaliwa udadisi, akasoma hadi akawa mtaalamu wa maabara mjini. Minza alikuwa mkaza mwana, mjane wa kaka yao, yatima asiyemjua mama mwingine ila huyo mkwe wake, naye alijaliwa mkono wa kulea.

Bi Nkamba aliacha kibuyu cha kuchachushia uji wa mtama. Kibuyu cha namna hiyo hakioshwi. Unamimina uji, unabakiza kidogo chini, ndiyo chachu ya kesho. Ukikifungua, inakupokea harufu ya jikoni kwa Bi Nkamba, utadhani yeye mwenyewe yumo mle anapuliza moto.

Nkwimba ndiye aliyekitunza. Kila asubuhi alikitia uji mpya, hata alipokuwa hana hamu ya kunywa. Watu wakimcheka, husema, "Nikikiacha kikauke, mama atakuwa amekufa mara ya pili."

Sayi alipokuja likizo aliomba chachu kijiko kimoja, akaenda kuichunguza. Siku moja akapiga simu. "Dada, mtama una madini ya chuma, ila yamefungwa, mwili hauyapati. Bakteria wa kibuyu cha mama wanatoa kimeng'enya kinachoyafungua!" Akawahifadhi kwenye jokofu la maabara. "Kwa hiyo mama yuko kwenye friji?" Nkwimba akauliza. Wakacheka, kisha wakalia.

Minza alikuwa na binti, Kashinje, mtoto aliyepungukiwa damu hadi viganja vikawa vyeupe. Zahanati wakimpa dawa anainuka; dawa zikiisha anarudi mkekani, anawatazama wenzake wakiruka kamba. Minza akaazima kibuyu amchachushie mwanawe uji. Na kwa kuwa chombo cha mgonjwa sharti kiwe safi, akakisugua kwa sabuni na maji ya moto. Loo!

Nkwimba alipokifungua alikutana na harufu ya sabuni. Alikaa chini akalia kama siku ya msiba.

Sayi akaja na bakteria wake, wakawarudisha kibuyuni, na baada ya siku kadhaa harufu ikarudi. Minza, aibu imemjaa, akashika kazi. Alisaga, akachachusha, akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko. Kashinje akitema, mama anaanza upya. Miezi ikapita hivyo, mpaka siku moja wakamsikia nje anagombea zamu ya kamba. Minza akasimama mlangoni, machozi yanamtoka. "Laiti mama angemwona," akasema.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza: kibuyu kikae kwa nani?

"Nisingekilisha, Sayi angechota nini?" alisema Nkwimba.

"Nisingehifadhi, mngekuwa na kibuyu cha kutundika ukutani tu," alisema Sayi.

Minza alisema kwa sauti ndogo, "Nilikiosha, najua. Lakini uji haujinyweshi wenyewe. Na nyinyi mnazo sura za mama kwenye vioo vyenu. Mimi nina nini?"

Wewe unayetaka kusema wagawane chachu, tulia. Chachu kila mmoja anayo, kwenye ndoo ya plastiki. Wanagombea kile kilichoshikwa na mikono ya mama, na kibuyu hakikatwi vipande vitatu.

Wakamwita shangazi yao, Bi Holo, aamue. Alikuja na ukali wake wote. Akakipokea kibuyu, akafungua kifuniko, akanusa. Akanusa tena.

"Shangazi, tuambie basi," wakasema.

Bi Holo akakikumbatia kifuani. "Wifi yangu," akasema, "nimekukosa mno." Na kibuyu hakukiachia.

Basi hakimu tuliyemtegemea ndiye huyo, naye kageuka mdai wa nne. Mmebaki nyinyi. Anzeni kusema, mmoja mmoja: kibuyu hicho ungemkabidhi nani, na hao wengine ungewaambia nini?